Oili Mahali pa Maji

Mtu akikuachia gari lake amekuachia heshima yake, na heshima haina spea dukani. Ndiyo maana siku Mzee Gia alipomkabidhi mkwewe ufunguo, ukoo mzima ukiwa sebuleni, yule mkwe alisimama wima kama anaapishwa. Mzee alikuwa anakwenda kulazwa kutolewa mtoto wa jicho, na hakutaka gari lake lilale bila kuwashwa. Aliagiza liwashwe kila asubuhi, lizungushwe mtaa mmoja miwili, kisha lirudishwe kivulini. Hakuomba zaidi ya hapo.

Sasa huyo mkwe ni nani? Ni fundi cherehani. Mrefu, mwembamba, watu wanamwita Sindano, na yeye mwenyewe amelichora jina hilo juu ya mlango wa duka lake. Mpe kitambaa, atakushonea suti mpaka mkeo aanze kukuuliza unakwenda wapi. Lakini magari anajua kuyaendesha tu, na kujua kuendesha si kujua gari. Aliyejua alikuwa palepale sebuleni, anakusanya vikombe: mkewe, binti mkubwa wa Mzee Gia, mwenye gereji yake kando ya barabara ya sokoni, ambaye madereva wote wa upande ule wanamwita Mama Spana. Baba yake akiulizwa binti anafanya kazi gani, hujibu, "Ana ofisi yake." Ofisi! Kontena lenye dirisha lililokatwa kwa gesi. Mzee aliendesha malori maisha yake yote, yakimfia njiani anayafufua mwenyewe, na aliyekuwa akimshikia tochi ni binti huyuhuyu, tangu hajang'oka meno ya utoto. Ila gari lake la uzeeni hakumruhusu hata kubadilisha plagi. Gari huachiwa mwanamume, alisema siku ile. Mama Spana akaenda jikoni kuosha vikombe, kwa kelele ambazo hazikuwa za vikombe.

Sindano alizisikia. Lakini binadamu akipewa sifa masikio huwa mazito.

Asubuhi za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja asubuhi moja akajitia kufungua boneti. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba mtu aliyeachiwa gari sharti achungulie ndani, na akachungulia, akakuta pembeni kijitangi cha plastiki, kimepungua, na kilichobaki ndani ni maji yenye kutu. Maji! Roho ikamruka. Kwenye duka lake amri kuu ni moja, kwamba maji na mashine havikai meza moja. Mshonaji akiweka glasi karibu na cherehani, siku hiyo atapiga pasi mpaka jioni. Chuma hunywa oili. Maji ni adui yake. Ni kweli aliwahi kuona watu wakimimina maji kwenye magari barabarani, lakini siku zote alidhani hiyo ni huduma ya kwanza ya maskini waliokosa oili. Akamhurumia baba mkwe, kumbe macho yalikuwa yameharibika kiasi cha kumimina maji kwenye injini! Akaenda dukani, akanunua kopo la oili nzuri, si ile ya kupimiwa kwenye chupa, akamimina mpaka tangi likajaa, akapangusa mdomo wake kwa kitambaa kisafi. Akajiona mkwe bora chini ya jua. Jamani, wema usio na elimu unaweza kubomoa nyumba.

Hakufika mbali. Alikuwa anapeleka sare kwenye shule moja, akaona mshale wa joto unapanda, halafu pua ikanasa harufu ya kuungua. Akasimama pembeni, akazima. Kwa hilo tumsifu, maana wapo wanaosema "nitafika tu" na wakafika wakiwa na chuma chakavu. Alingoja pakapoa, akafungua kifuniko cha tangi. Ndani hamkuwa na maji wala oili tena. Mlikuwa na uji mzito wa rangi ya kahawia, unaoteleza, unanuka. Mzee alikuwa anatoka hospitali keshokutwa, na alishasema anataka afuatwe na gari lake, alione kwa macho mapya kabla hajaona kitu kingine.

Akampigia mkewe simu. Alianza mbali, hali ya hewa, foleni, mpaka Mama Spana akamkata kauli akimuuliza gari lina nini.

"Nililiwekea oili," akasema Sindano.

"Vizuri. Wapi?"

Sindano akarudi kwenye habari ya foleni.

"Mume wangu, oili uliiweka wapi?"

"Pale penye maji."

Upande wa pili spana ikawekwa chini. Kisha Mama Spana akamwambia kwa sauti ya taratibu kabisa asiliwashe tena, asiguse hata honi, anakuja na kamba.

Gari likavutwa kupita barabara ya sokoni mchana kweupe, Sindano kwenye usukani wa kitu kisichounguruma, anaona haya hata kwa wauza vitunguu. Gerejini watu walikuwa wanawangoja, na wa kwanza kuchungulia tangi alikuwa fundi wa banda la jirani, anayeitwa Haraka. Jina halikumpata kwa bahati mbaya. Alitazama, akapiga mluzi, akatoa hukumu kwamba gasketi ya hedi, ile inayotenga maji na oili ndani ya injini, imekufa, injini ifunguliwe leo hii. Alipoambiwa oili ilimiminwa kwa mkono, hakutetereka, akaleta hukumu ya pili: tia petroli humo, washa kidogo, mwaga, mchezo umekwisha.

Mama Spana akaenda kwenye injini. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakinusa na kukisugua kati ya vidole viwili. Oili ya injini ilikuwa safi, haina hata tone la maji. Kwa hiyo gasketi ilikuwa nzima, na uchafu haukutoka ndani. Ulikuja na mkono wa mtu, na mkono wenyewe ulikuwa umesimama pale umekunja kamba. Kufungua injini nzima ingekuwa kumpasua mgonjwa kwa ajili ya kikohozi. Kuhusu petroli, alimweleza Haraka bila dharau kwamba petroli inakula mipira yote ya humo ndani, na ikikutana na injini ya moto inaweza kula gereji pia. Haraka akacheka, akasema wanawake wanapenda kuosha osha. Mama Spana akamwomba amwazime jeki yake kubwa, na Haraka, kabla hajajua anafanya nini, akaenda kuileta.

Hapo ndipo Sindano alipoanza kumtazama mkewe. Nasema kumtazama, si kumwona, maana kumwona alimwona kila siku. Asubuhi walikuwa wanaagana mlangoni, yeye anakwenda kwenye vitambaa na huyu kwenye vyuma, jioni wanakutana kwenye sahani. Kwamba anasifiwa alisikia. Kwamba kazi yake inafananaje hakuwahi kusimama akaiona.

Kwanza Mama Spana hakuruhusu tone lianguke chini. Aliweka beseni pana chini ya rejeta, mahali maji ya tangi yanapopoozwa yakitoka kwenye injini, akalegeza mpira wa chini, uji ule ukashuka kwa mikupuo, na wote ukaingia kwenye madumu yenye vifuniko. Sindano aliuliza kwa nini usimwagwe mtaroni kama uchafu mwingine. Akaambiwa ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta ni tamu mdomoni na sumu tumboni, na huko mtaroni kuna paka, kuna mbwa, kuna watoto wa watu. Kisha alitoa tangi, akalitia maji ya moto, sabuni na konzi ya mchele mkavu, akamkabidhi mumewe alitikise. "Mikono yako imezoea kazi ya kukaa, leo icheze ngoma," alisema, na lile neno la utani lilikuwa la kwanza tangu asubuhi, Sindano nusura alie kwa furaha.

Halafu akatoa thamostati, kile kimlango kidogo kinachozuia maji mpaka yapate moto, ili maji ya kuoshea yazunguke kote bila kungoja ruhusa. Akajaza maji ya moto yenye sabuni ya unga, ile ya mashine za kuoshea vyombo. Si sabuni ya nguo, alisema, ya nguo inatoa povu, povu ni hewa, na hewa ikikaa kwenye kona ya injini kona hiyo inaungua. Kila alichokifanya kilikuwa na sababu yake, na sababu alikuwa nayo tayari kama mtu mwenye chenji mfukoni.

Sindano akapewa kazi ya kukaa ndani, injini inaunguruma, hita imefunguliwa mpaka mwisho, na jua la nje linakaanga mabati. Hita nayo ina rejeta yake ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, na oili ilishafika huko. Alitakiwa kutazama mshale tu, na ukivuka nusu apige kofi mlango. Alitota jasho mpaka shati likamganda. Haraka alipita akamuuliza kama anajipika kwa ajili ya kitoweo. Sindano hakuondoa macho kwenye mshale.

Kuzima, kungoja ipoe, kumwaga, kujaza, kuwasha. Baada ya hapo tena. Katikati Mama Spana alifungulia maji ya mpira kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu, kwa presha ndogo, na uchafu uliokuwa umejishikiza ukashtukizwa kutoka nyuma ukatoka vipande vipande. Hakuna mahali alipoharakisha. Sindano ni fundi, na fundi anaitambua kazi hata isipokuwa yake. Aliwahi kufumua koti la harusi lililoharibiwa na mwingine, uzi mmoja mmoja, ili kitambaa kisijeruhiwe, na alidhani subira ya namna ile ilikuwa yake peke yake mjini. Kumbe amelala nayo kitanda kimoja miaka yote. Alijisikia fahari, na ndani ya fahari aibu kidogo, na juu ya vyote alimpenda mke wake upya, pale pale, na hita inampulizia usoni.

Wakati injini inapoa waliingia kwenye kontena kunywa chai. Mama Spana alikaa juu ya tairi, akatazama kucha zake zilizojaa weusi, akasema baba asijue. Akiuliza, Sindano aseme amebadilisha maji ya rejeta, basi, ambalo si uongo. Mzee alikuwa amechukua miaka kumkubali mkwe asiyejua kubadilisha tairi, na leo amemwachia gari. Kwa nini kuvunja?

Sindano aliposikia hivyo alihisi mzigo wa gunia umeshuka mgongoni. Akasema sawa. Akanywa chai yake, ikawa tamu. Ilikuja kumchachia baadaye.

Kesho yake walirudi mapema. Mipira yote ya maji ilishalegea na kuvimba kama soksi kuukuu, ikabadilishwa, maana mpira ukishakunywa oili hauponi. Maji sasa yalikuwa yanatoka meupe, na Haraka, ambaye siku hiyo alijikuta hana kazi ila pale, alitangaza kwamba yananyweka. Mama Spana akamwomba mumewe kitambaa. Sindano alikimbia dukani akaleta kipande cha pamba nyeupe, kile cha kushonea mashati ya bwana harusi. Yakachujwa maji kwenye kitambaa. Wote wakainama.

"Safi," akasema Haraka.

"Naona safi," akasema Mama Spana, ila taratibu. "Wewe ndiye bwana madoa. Unaonaje?"

Sindano alikishika kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga, akakivuta kidogo ili nyuzi zifunguke. Alitamani kusema safi. Jioni ilikuwa inakaribia, mzee anatoka kesho, na yeye ndiye aliyeleta balaa lote. Lakini jicho lake halikuwahi kujifunza kudanganya juu ya kitambaa. Palikuwa na kivuli cha njano, chembamba sana, kimetambaa pembezoni mwa unyevu.

"Bado," akasema.

Haraka akashika kichwa. Mama Spana akawa ameshainuka kwenda kuchemsha maji. Hakubishana na jicho linalojua, na hilo nalo ni ufundi, tena ufundi mgumu kuliko wa spana. Wakaosha tena, na tena, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Ndipo akarudisha thamostati, akajaza maji yaliyochujwa pamoja na dawa mpya ya kijani, akainua pua ya gari kwa jeki ya Haraka, akawa anaukamua mpira wa juu kwa mkono, polepole, viputo vya hewa vikitoka kimoja kimoja mdomoni mwa rejeta mpaka vikaisha. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia hapo. Haraka alitazama mshale, akamtazama Mama Spana, akaondoka bila neno. Kwa mtu yule, hiyo ni hotuba nzima.

Siku ya siku walikwenda wote wawili hospitali, Sindano kwenye usukani, mkewe kiti cha nyuma. Mzee Gia alitoka na miwani myeusi, anatazama kila kitu kama kimepakwa rangi jana. Alimwambia mkwewe kumbe ni mwembamba namna hii, alikuwa anadhani ni ukungu wa macho. Alimtazama binti yake kwa muda, akasema, "Kumbe una mvi, mama." Kisha akalizunguka gari, akaingia mbele, akamwambia Sindano awashe ila asiondoke.

Alisikiliza. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho yaleyale aliyoyalipia. Dakika zilipita, mshale ukafika katikati ukakaa. Uso wa mzee ukafunguka.

"Nilikuachia gari linapata homa mlimani," akasema. "Umenirudishia linapumua kama jipya. Mwanangu, una mkono."

Neno hilo Sindano alilingoja tangu siku ya mahari. Akainua macho kwenye kioo cha ndani. Mama Spana alikuwa anatazama dirishani, ametulia, ana kitabasamu cha mtu ambaye mpango wake umefaulu, na vidole vyenye kucha nyeusi amevificha chini ya mkoba. Hilo la vidole ndilo lililomshinda. Aliona wazi kwamba akilifunika kosa lake ameifunika na kazi ile yote, na haikustahili kufunikwa.

Akazima gari.

"Acha," alisema mkewe kwa sauti ya chini.

"Baba, sina mkono wowote," akasema Sindano. "Gari lako mimi nililiua. Nilitia oili mahali pa maji, kopo zima, kwa akili zangu timamu. Aliyelifufua ni mwanao. Nilikaa nikamwangalia siku mbili, na sijapata kuona fundi wa namna ile, wa cherehani wala wa magari."

Mzee Gia hakugeuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sindano alisubiri radi. Badala yake mzee alifungua mlango, akashuka, akaenda mbele, akagonga boneti mara moja kwa kifundo cha kidole. Mama Spana akashuka akamfungulia. Wakainama wote wawili juu ya injini, na Sindano akasimama nyuma yao.

Mzee aliuliza kama gasketi iliguswa. Haikuguswa, na binti akaeleza kwa nini. Akauliza thamostati. Ilitolewa. Akauliza ile hita ya ndani, akitaka kumnasa, maana hapo ndipo wengi husahau. Akajibiwa ilifunguliwa tangu mara ya kwanza, na jasho alilitoa mkweo. Mwanzoni Mama Spana alijibu kama mtoto anayesomeshwa, mikono nyuma. Kufikia swali la hewa mikono ilikuwa mbele, anaonyesha, anamkata baba yake maneno, na mzee anakatwa bila kulalamika. Alichovya kidole kwenye tangi, akakisugua, akakinusa. Akafunga kifuniko.

"Kuna kitu kinalia humu," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Nikikata kona ya kulia, kwa chini. Kinalia tangu nilinunue. Nimelala chini ya hili gari sijui mara ngapi, na sijakipata. Sikumwambia mtu."

Mama Spana akafunga boneti.

"Kaa wewe kwenye usukani," akasema mzee. "Twende ukisikilize, unitafutie."

Akaenda kuketi upande wa abiria, akafunga mkanda mwenyewe. Mama Spana alisimama pale kidogo akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajiachia weusi shavuni, kisha akaingia. Sindano alipanda nyuma na begi la hospitali mapajani. Walipofika njia panda binti alikata kona ya kulia, taratibu, baba na mwana wakainamisha vichwa pamoja upande uleule. Chini huko kitu kikalia, kidogo, kama mlango wa kabati. Sindano naye alikisikia vizuri sana, akawa na maoni kabisa kuhusu kinachokisababisha, na safari hii alinyamaza.